Kibanja ni cha Nani?

Kanazi, Jumapili alasiri

Mwanangu Kemilembe,

Umekwenda Kashozi kuwaaga wenzako uliosoma nao, mvua imekukuta huko, na ninavyoijua mvua ya huku, hutarudi kabla ya jioni. Shangazi yako yuko jikoni anakukaangia senene wa kula njiani. Mimi nimekaa kwenye benchi langu la useremala, nimesogeza randa pembeni, naandika. Mkono huu umezoea kuandika vipimo vya milango tu, kwa hiyo mwandiko ukipinda nivumilie.

Mambo ya neti, maji ya kuchemsha na nani atakupokea kazini Kimwani sitayagusa. Shangazi amekuambia hayo wiki nzima mpaka kuku wameyashika. Hotuba pia sina. Nimechoka, mwanangu, na mtu aliyechoka hahubiri vizuri. Nina jambo moja tu, nalo linatoka kwenye swali ulilouliza hapa uwani Jumanne.

Ulikuwa unamalizia kujitolea kwa bwana shamba wa kata, unazunguka na kile kishikwambi kuhuisha taarifa za wakulima ili wapate mbolea ya ruzuku. Nyumba yetu uliiacha ya mwisho. Shangazi alikuwa anamenya ndizi za mchana, ukachuchumaa mbele yake, ukajifanya humjui.

"Mama, kibanja ni cha nani?"

Akacheka. "Cha baba yako. Ni cha nani tena?"

Ukaandika. Kisha ukageuka kwangu: "Tata, namba ya simu ni ile ile?" Nikasema ni ile ile. Ukafunga kishikwambi, ukasema tumemaliza, ukachukua kisu ukamsaidia kumenya. Mimi nilikuwa narandia ubao wa mlango, nikaacha. Ulidhani napumzika.

Kemi, kibanja hiki, migomba na mibuni yote iliyotuzunguka hapa nyumbani, mimi sijakipalilia tangu nikiwa kijana. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ulikulia mgongoni mwa anayekipalilia. Lakini uliuliza swali lile lile tulilolizoea, ukajibiwa jibu lile lile tulilolizoea, na jina langu likaingia. Sikulaumu hata kidogo. Umelirithi swali hilo kwangu, kama ulivyorithi hii pua.

Acha nikusimulie lilikotoka.

Babu yako alipofariki, ukoo ulikaa na kibanja nikapewa mimi kwa kuwa ndimi mwana wa kiume. Dada yangu Kokushubira, huyu shangazi yako, ni mkubwa kwangu, alinibeba mgongoni, lakini wakati huo alikuwa ameolewa Muleba, na hakuna aliyemtaja kikaoni. Nikapewa kibanja, nikapewa na mundu wa babu, nikasema asante sana waitu, kisha nikarudi Bukoba mjini kwenye karakana. Migomba ilibaki inajitunza yenyewe. Migomba haijitunzi yenyewe, lakini mtu wa mjini huliona hilo akija Krismasi.

Halafu Koku akarudi. Alikuwa hajapata mtoto, mume akaoa mwingine, akafika hapa na sanduku moja na mkeka. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilishika siku ile ile ya kwanza, bila kupewa na mtu. Nilipokuja mwisho wa mwezi nilikuta majani makavu yametandazwa chini ya migomba, samadi imeingizwa kwenye mashimo, mibuni imepogolewa, uwanja umefagiwa. Nilifurahi. Nilijiambia Mungu amenipatia mwangalizi. Hilo ndilo neno nililolitumia kichwani mwangu miaka yote hiyo, mwangalizi, na ninaona aibu kuliandika.

Ile miaka ya vocha za pembejeo ulikuwa bado mtoto, huikumbuki vizuri. Serikali ilisema mkulima atalipa kidogo, sehemu nyingine italipa yenyewe, apate mbolea na mbegu ya mahindi. Kijiji kikaunda kamati ya kuchagua wakulima. Kamati ikafanya nini? Ikafanya kama Wahaya tunavyofanya. Ikapita kibanja kwa kibanja, maana kwetu mtu ambaye hana kibanja ni kama hajafika. Wakauliza kibanja ni cha nani, wakaandika.

Wewe umesomea kilimo, utaona kosa lilipo kabla sijalitaja. Kwenye kibanja hatutii mbolea ya dukani. Kibanja kinakula samadi na majani, na wazee walikuwa wakiamini chumvichumvi ya dukani inaua mgomba. Mahindi hayalimwi kibanjani. Yanalimwa kule rweya, kwenye nyika ya majani, ambako wanawake hufungua misiri yao, vishamba vidogo vya msimu, mwaka huu hapa, mwaka ujao pale. Msiri hauna jina la mtu. Kwa hiyo mbolea ya mahindi ikaandikwa kwa wanaume wenye migomba, na wanawake wenye mahindi hawakuulizwa chochote.

Majina yaliposomwa mkutanoni walikuwamo hata marehemu. Watu wa wilayani walipogundua wakasema ni wizi. Wizi ulikuwapo, sitakudanganya, na mbwa wa mwenyekiti peke yake ndiye hakuandikwa. Lakini marehemu wengine waliingia kwa desturi tu. Kwetu kibanja huendelea kuitwa kwa jina la aliyelala ndani yake. Ukiuliza ni cha nani utatajiwa kaburi. Basi marehemu wakapata mbolea, na walio hai wakapata mkutano.

Nami nikapata, nikiwa hai na nikiwa mjini. Koku alinitumia salamu kwa dereva wa lori: "Mwambie ndugu yangu jina lake limetoka, aje asaini." Nilikuja nikasaini. Alikuwa amesimama pembeni na kamba mkononi, amejiandaa kubeba mfuko mpaka rweya. Nikamwambia, "Dada, mbolea hii itaharibu migomba, afadhali niiuze mjini." Akaniangalia kidogo. Akasema, "Ni yako, waitu." Akaviringisha ile kamba, akaondoka.

Nikaiuza. Nikanunua koti la suti. Krismasi ile alinipigia pasi mwenyewe, akanifuata kanisani nyuma yangu, na baada ya ibada akawaambia wanawake wenzake wa kwaya, "Mmemwona ndugu yangu alivyopendeza?" Msiri wake mwaka ule ulitoa mahindi ya manjano, membamba, ya kutia huruma. Hakuuliza mfuko ulikwenda wapi. Nililivaa koti hilo mpaka mikono ikaisha.

Baada ya hapo ikaja miche ya kahawa ya bure. Kibanja ni cha nani, jina langu. Akaipanda yeye, akaimwagilia kiangazi kwa maji ya kisima, na ilipoanza kuzaa ikapelekwa chama cha msingi. Mwanachama nani? Mimi. Malipo yalikuja kwenye simu yangu mjini, na meseji ikilia karakana nzima inajua, naagiza soda.

Mama yako alipofariki ulikuwa bado hujaota meno ya ukubwani, nikakuleta huku kwa shangazi. Na kahawa ile ndiyo iliyolipa ada yako ya sekondari, na chuo pia. Nimesimama mbele ya watu kwenye mahafali yako, umeniona, nikasema mimi fundi wa milango nimemsomesha binti yangu. Watu wakapiga makofi. Shangazi yako alipiga zaidi ya wote. Kemi, aliyekusomesha ni yeye. Mimi nilikuwa napokea meseji.

Tunasema mvumilivu hula mbivu. Huwa hatusemi kwamba mara nyingine mmoja anavumilia na mwingine anakula.

Mgongo uliponigomea nikarudi hapa kwa kudumu. Nilidhani nimerudi kwangu. Siku ya kwanza nikatoka kwenda kuangalia mibuni, nikapita upande ule wa mashariki nikaingia kwa jirani bila kujua, mpaka yule mama akanikaribisha akidhani nimekuja kumtembelea. Nimekunywa chai ya watu kwa aibu ya kutojua mpaka wangu. Koku nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini.

Basi uliposema Jumanne kwamba tumemaliza, sikulala vizuri. Wewe unakwenda Kimwani kuwa bibi shamba wa watu. Wewe ndiye utakayeuliza. Nikasema nikikaa kimya hapa, kosa langu litapanda gari Jumatatu na kwenda kuajiriwa nawe huko Muleba.

Alhamisi ulipokwenda mjini kununua godoro, nikamwambia Koku avae, twende ofisi ya kijiji. Akauliza kuna msiba wa nani. Nikasema twende tu. Bwana shamba wa kata alikuwa pale na foleni yake.

"Mzee, jina lako si lipo? Kemi aliliingiza juzi."

"Lipo. Nimekuja litolewe."

"Litolewe?" Akavua miwani. "Mzee, hapa watu wanagombana waingizwe."

"Anayelima ni huyu dada yangu. Mwandike yeye."

Ta Mutalemwa alikuwa nyuma yetu, unamjua mdomo wake. "Ta Rwegasira, bojo, umerogwa? Unaandikisha mwanamke kwenye kibanja cha babako? Kesho akiolewa je?"

Koku akageuka. "Nani anioe na magoti haya, wewe?"

Foleni yote ikacheka, na mimi nikacheka, nikadhani mambo yamekwisha. Bwana shamba, mtu mwema yule, akamgeukia kwa upole: "Haya, mama. Mkulima ni nani?"

Ulimi wote ule ukapotea. "Ni sisi," akasema.

"Nyinyi akina nani?"

"Watu wa nyumba ile."

"Jina la mkulima, mama. Mmoja."

Kisha akanivuta upindo wa shati, akaniinamia, akasema kwa Kihaya, pole pole ili watu wasisikie: "Unanifukuza, mwana wa tata?"

Mwanangu, nimeshaangukiwa na boriti begani, haikuniuma kama neno lile. Alidhani ninamtenga. Alidhani mtu akiandikwa peke yake, mbali na jina la nduguye, anaonyeshwa njia. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukielewa tangu siku alipofika na sanduku lake. Nilikuwa nikisikia "cha ndugu yangu, cha ndugu yangu", nikadhani ni adabu, nikajivuna kuwa na dada mwenye adabu. Ilikuwa hofu. Mwanamke aliyerudishwa kwao hana pengine pa kwenda, na akisema "changu" mara moja tu, akasikika vibaya, anaweza kuonyeshwa barabara. Kwa hiyo alilifuta neno hilo mdomoni mwake. Msikilize utaona. Jembe analiita jembe la nyumbani. Mbuzi ni mbuzi wa baba Kemi. Hata kikohozi chake husema ni cha baridi.

Nikamwambia, "Dada, sikufukuzi. Hata ukitaka kuondoka nitakufunga kwa kamba." Hakucheka. Machozi yalikuwa yamemjaa, na yangu nayo. Nikamwambia bwana shamba aandike Kokushubira, nikamtajia herufi moja moja, na msiri wa rweya nao auandike. Ta Mutalemwa akasema ukoo utasikia. Nikamjibu ninaandikisha mkono unaolima, ardhi sijaigusa. Lile la ardhi nitalipeleka mwenyewe kwenye kikao cha ukoo nikipata nguvu, na sijui kama nitashinda. Wazee wale nawafahamu, na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka Jumanne.

Sasa sikiliza ilivyo rahisi kurudi tulikotoka. Bwana shamba akafika kwenye namba ya simu. Koku hana simu. "Basi tuweke ya mzee," akasema, na kidole chake kilikuwa kimeshaanza kuandika. Maana yake meseji ya mbolea ingelia mfukoni mwangu, kama zamani. Nikamshika mkono. Akakubali kuacha nafasi hiyo wazi mpaka Jumanne hii.

Ijumaa tukaenda kusajili laini pale njia panda. Kitambulisho cha taifa anacho, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge tangu alipopewa. Kumbe shida ni vidole. Kile kimashine kilikataa dole gumba, kikakataa cha shahada, kikaendelea kukataa. Binti wa laini akamfuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Bibi, alama zimefutika, ni jembe." Nikampa mkono wangu mimi aujaribu kwa utani tu, kikaukubali mara moja, kama mkono wa karani. Mwisho kidole kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali. Laini sasa ipo, iko kwenye Biblia yake, na haina simu ya kukaa.

Wewe kesho unaondoka, na Kimwani si Kanazi. Huko ni mpunga na mahindi, na watu wametoka pande nyingi. Utakuta nyumba ambako watakuambia mwenye shamba yuko visiwani anavua, na anayekuambia hivyo ana matope mpaka magotini. Sikufundishi kazi, umeisomea. Ninakuambia tu nilichokiona. Swali la nani mwenye mali lina jibu lake tayari kila kijiji, linakungoja mlangoni. Ukiuliza nani alipalilia, watu hutulia kidogo, wanaangaliana. Ungoje hapo. Na usidhani ukiuliza vizuri utajibiwa vizuri. Mwingine atakutajia kaka, au mume, au marehemu, na atakuwa anakuomba usimharibie anapoishi. Huyo usimlazimishe mbele ya watu kama nilivyofanya mimi na ujuba wangu wa uzeeni. Mfuate msirini, ulime naye mstari mmoja, ndipo muongee.

Utakosea pia. Utachoka, kutakuwa na jua, watu wamejaa, na utaandika jina lililo rahisi. Mimi nilifanya hivyo maisha yangu yote, na nilikuwa nimekaa kivulini. Siku hiyo ikifika usijichukie sana. Rudi tu kesho yake ukalifute.

Mvua imeanza kukatika, nakusikia kama unakuja, au ni ng'ombe wa jirani. Barua hii nitaiweka kitandani kwako uisome leo kabla ya kulala, maana nina ombi na ni la kesho asubuhi.

Ile simu yako ndogo ya tochi, uliyosema utaniachia mimi kwa kuwa umenunua kubwa, usiniachie. Mimi ninayo. Kesho mkishamaliza kufunga mizigo, shangazi yako atakuja kukupa buni za kutafuna zilizofungwa kwenye jani, kama anavyompa kila mtu anayesafiri. Zipokee kwa mikono miwili. Kisha itie ile laini kwenye simu, umwekee mkononi, uvifunge na vidole vyake juu yake.

Halafu muulize, "Shangazi, simu hii ni ya nani?"

Atasema ni ya baba yako. Muulize tena. Atasema ni ya nyumbani. Gari likipiga honi, acha lipige. Nitatoka barabarani mimi mwenyewe nimshike dereva kwa maneno, kazi hiyo nitaiweza. Usipande, Kemi, mpaka umsikie akisema ni yake.

Mimi baba yako, niliyepokea vingi visivyo vyangu, na wewe ukiwa kimojawapo.